Sarafu Isiyokwisha Ndiyo Inayokuharibia Mchezo

SWALI: Nilinunua mikusanyiko miwili ya michezo ya zamani ya mashine za sarafu nicheze kwenye konsoli yangu nyumbani, mmoja wa michezo ya kampuni ya Capcom na mwingine wa Pac-Man, yule duara wa njano anayekula vitone kichochoroni huku akifukuzwa na vizuka. Utotoni niliiota michezo hii usiku na mchana. Sasa ninayo yote, na kila mmoja unanichosha ndani ya dakika kumi. Final Fight nimeumaliza kwa kukaa mara moja tu, kila nikifa naongeza sarafu. Wapiganaji wa Street Fighter II nawaona wanene. Pac-Man kwenye kona hanisikii kabisa. Na Ms. Pac-Man, niliyemtaka kuliko wote, hayumo. Je, michezo hii iliharibiwa ilipohamishwa, au ni kumbukumbu zangu zinazonidanganya?

JIBU: Kumbukumbu zako ni nzima, na michezo kwa sehemu kubwa ni ileile. Mwaka 1982 ungekuwa na haki ya kulalamika, maana Pac-Man wa konsoli ya Atari 2600 aliandikwa upya kuanzia mwanzo kwa ajili ya kifaa dhaifu: kichochoro kilikuwa kingine, sauti nyingine, na vizuka vilimetameta kama taa mbovu. Mikusanyiko ya siku hizi hufanya kazi tofauti. Inachukua programu yenyewe iliyokuwa kwenye chipu za ubao wa mashine na kuiendesha ndani ya programu nyingine inayojifanya kuwa ubao ule. Kwa hiyo kitu chenyewe unacho. Usichokuwa nacho ni kabati lililokizunguka, yaani kioo chake, mpini wake wa kuongozea na tundu la sarafu. Karibu kila unachokilalamikia kinatoka kwenye kimoja cha vitu hivyo vitatu, na kinachokuumiza zaidi ni kile ambacho hukukishuku, tundu la sarafu.

Fikiria mchezo ule ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Mteja wa kampuni hakuwa wewe uliyeshika mpini. Alikuwa mwenye mashine, na yeye alitaka mchezaji wa kawaida aondoke baada ya dakika chache akiwa na hasira kidogo na hamu nyingi, amwachie nafasi aliyesimama nyuma yake. Ugumu wote ulipimwa kwa mizani hiyo. Ndiyo maana Final Fight ya 1989 inakuwekea bosi, yule adui mkuu wa hatua, anayekukata nusu ya nguvu kwa pigo moja, na ndiyo maana Gauntlet ya 1985 inakupunguzia afya hata ukiwa umesimama tu hufanyi kitu. Sarafu ikiwa ni fedha yako ya mfukoni, unalazimika kujifunza: bosi huyu hurudi nyuma kabla ya kurusha, adui yule akija kutoka kulia niende juu. Sarafu ikiwa ni kitufe kisicho na gharama, hulazimiki kujifunza lolote. Unasukuma mwili wako mbele mpaka majina ya watengenezaji yatokee. Umeuona mchezo wote, ila hujaucheza.

Kwa hiyo jiwekee sheria ambayo wapenzi wa michezo hii wanaishi nayo duniani kote: sarafu moja. Bonyeza mara moja, tumia maisha uliyopewa, ukifa yote umemaliza. Andika pointi ulizopata na pale ulipofia. Usijaribu zaidi ya mara tatu au nne kwa siku kwenye mchezo mmoja. Najua inasikika kama adhabu ya shule, lakini jaribu kwa wiki moja na mchezo mmoja tu kabla ya kunibishia. Mimi nina daftari la pointi, na nina kurasa za 1942, ile ya ndege ya mwaka 1984, ambazo nikizisoma leo nakumbuka hasa ni mawimbi gani ya ndege nyekundu yaliyoniangusha.

Usianze na Ghosts 'n Goblins, hata kama ndiyo inayokuita. Ni ya 1985, ni ngumu kwa ukatili, na ukifika mwisho inakwambia uliyoyaona yalikuwa udanganyifu wa shetani, urudie yote mara ya pili. Anza na kitu kinachokusamehe.

Utakachogundua ukishabanwa na sarafu moja ni kwamba michezo hii ina vyumba vya ndani ambavyo hukuwahi kuingia. Chukua Space Invaders ya 1978. Mashine inasogeza adui mmoja katika kila picha inayochorwa, na picha zinachorwa kama 60 kwa sekunde. Maadui wako 55, hivyo mwanzoni hatua moja ya kundi zima huchukua karibu sekunde nzima. Kadiri unavyowaua, zamu ya kila mmoja inarudi upesi zaidi, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama mwehu. Tomohiro Nishikado, aliyeutengeneza, hakuamuru kasi hiyo kwa mkono, ilitokana na udhaifu wa kompyuta, naye akaona inafaa akaiacha. Na kile chombo kinachopita juu, ambacho wengi wanadhani hutoa pointi kwa bahati nasibu? Hesabu risasi zako. Ukikipiga kwa risasi ya 23, kisha kwa kila ya 15 inayofuata, kinatoa pointi 300 bila kukosea. Mtu mwenye sarafu zisizokwisha hana sababu ya kuhesabu risasi.

Sasa kumbukumbu zako, maana hapa kuna mtego. Ndani ya mashine nyingi kulikuwa na swichi ndogo ndogo ambazo mwenye mashine alizipanga kwa kucha au bisibisi. Kwenye Pac-Man aliweza kukupa maisha 1, 2, 3 au 5, na uhai wa ziada ukifikisha pointi 10,000, au 15,000, au 20,000, au akunyime kabisa. Mashine mbili zenye jina moja, zikisimama pamoja, zingeweza kuwa na ukarimu tofauti kabisa. Mikusanyiko mingi imeziweka swichi hizo kwenye menyu ya mipangilio. Ukihisi mchezo umekuwa mgumu kuliko unavyokumbuka, huenda mwenye mashine yako ya utotoni alikuwa mtu mwema tu. Panga upya bila aibu, ila ukishapanga usibadilishe kila siku, la sivyo pointi za leo hazitalingana na za jana. Angalia pia kama unacheza toleo la Japani au la nchi nyingine, kwa kuwa matoleo mara nyingine yanatofautiana hata kwa ugumu.

Kitufe cha kurudisha muda nyuma na kile cha kuhifadhi mahali ulipo usivitupe. Ni vifaa vya mazoezi vizuri kuliko chochote alichokuwa nacho mchezaji wa zamani. Hifadhi mlangoni pa bosi anayekushinda, mpige mara ishirini mpaka umjue, kisha uanze mchezo upya kwa sarafu moja bila kuvigusa. Kosa ni kuvitumia katikati ya mchezo wa kweli, kwa sababu hapo umerudi kulekule kwenye Final Fight yako.

Tuje kwenye kioo. Wapiganaji wako wanene si wagonjwa. Ubao wa Capcom uliobeba Street Fighter II mwaka 1991 unachora picha ya pikseli, yaani nukta za picha, 384 kwa 224. Ukizipanga pikseli hizo kama vigae vya mraba, unapata picha ndefu kwa upana, karibu kujaza runinga ya leo. Lakini pikseli zile hazikuwa za mraba. Kioo cha mashine kilikuwa cha uwiano wa 4 kwa 3, kikaibana picha ile ubavuni, na wachoraji wa Capcom walichora wakijua itabanwa. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya picha, ukatae kila kinachosema kujaza skrini na kila kinachosema pikseli kamili, uchague 4 kwa 3. Patabaki nafasi nyeusi kushoto na kulia. Ziache. Kuna watu hawavumilii kuona runinga waliyoilipia ikiachwa tupu pembeni, nami siwaelewi. Ni kama kuvuta picha ya harusi ili ijae fremu.

Pac-Man ana shida nyingine, na hii haina dawa kamili. Kioo cha mashine yake kilisimamishwa wima, pikseli 224 kwa upana na 288 kwa urefu. Ukiiweka picha ya namna hiyo kwenye runinga ya upana wa 16 kwa 9, hata ikigusa juu na chini, inatumia kama asilimia 42 tu ya upana. Baadhi ya mikusanyiko inakuruhusu kuizungusha picha kwa digrii 90. Kama una skrini ya kompyuta yenye mguu unaozunguka, izungushe na isimamishe wima. Hapo michezo ya ndege na ya vichochoro inafufuka mbele ya macho yako. Runinga kubwa usiilaze ubavu, haikutengenezwa kwa hilo. Ukikosa skrini ya kuzungusha, sogeza kiti karibu. Sitanii, wachezaji wa mashine walisimama uso karibu na kioo.

Ukiona mistari ya pikseli haiko sawa, mingine minene mingine myembamba, hasa skrini inaposogea, ni hesabu tu. Mistari 224 haiingii kwenye mistari 1080 ya runinga bila mabaki: mara nne ni 896, mara tano ni 1120, imezidi. Kwenye runinga ya mistari 2160 mara tisa ni 2016, na mabaki ni machache. Kama mkusanyiko wako una chaguo la kukuza kwa namba nzima, litumie kwenye michezo ya wima, maana Pac-Man mwenye mistari 288 anaingia mara tatu kwenye 1080 na mara saba kwenye 2160. Kwa Street Fighter II usihangaike nalo, utapata mistari safi lakini unaweza kurudisha unene.

Vichujio vinavyoiga kioo cha zamani ni suala la ladha, na ladha yangu ni hii: mistari myembamba ya giza ndiyo, kioo kilichobinuka na mwanga unaong'aa kupita kiasi hapana. Mistari ile inasaidia kweli, kwa sababu rangi zilichorwa zikitegemea kuyeyukiana kidogo kwenye kioo cha zamani. Ile michezo isiyo na pikseli kabisa, kama Asteroids ya 1979 na Tempest ya 1981, ambayo miale ya kioo ilichora mistari mitupu gizani, haihitaji kichujio chochote. Hiyo skrini mpya inaitendea haki.

Na mchezo ukipunguza kasi vitu vikijaa kwenye skrini, usikimbilie kulaumu konsoli. Metal Slug 2 ya 1998 ilikuwa mzito vilevile kwenye ubao wake halisi, kiasi kwamba mwaka uliofuata ilitolewa upya na marekebisho kwa jina la Metal Slug X. Mkusanyiko ukihifadhi uzito huo, umefanya kazi yake kwa uaminifu.

Hanisikii, unasema. Kabla ya kumlaumu Pac-Man, chukua rimoti ya runinga utafute hali ya mchezo (Game Mode) uiwashe. Kioo cha zamani kilichora picha papo hapo ilipotoka kwenye ubao. Runinga ya leo inaipokea, inaisafisha, inailainisha mwendo, ndipo inakuonyesha, na kila picha moja inayocheleweshwa ni kama milisekunde 17. Picha nne au tano zikichelewa, mkono wako umeshafanya kitu ambacho macho bado hayajaonyeshwa. Hali ya mchezo huzima usafishaji huo. Kama unasikiliza kwa spika au vichwa vya sauti visivyo na waya, sauti nayo inaweza kuwa inachelewa, na katika michezo hii sikio linafanya kazi nyingi kuliko unavyodhani.

Ukishawasha hali hiyo, angalia kidole gumba chako kiko wapi. Mpini wa mashine ya Pac-Man ulikuwa na njia nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Haukuweza kwenda mshazari hata ukitaka. Kijiti cha padi yako, kile kidhibiti unachoshika mkononi, kinazunguka kote, kwa hiyo unapodhani umesukuma juu, mara nyingi umesukuma juu-kulia, na mchezo unabaki ukijiuliza unamaanisha nini. Tumia vitufe vya mwelekeo vyenye umbo la msalaba badala ya kijiti. Donkey Kong nayo ni hivyohivyo.

Lakini kuna jambo la pili kuhusu kona, na hili nadhani hakuna aliyewahi kukueleza. Pac-Man anaruhusiwa kuanza kukata kona pikseli chache kabla ya kufika katikati yake, na vizuka haviruhusiwi. Ukibonyeza mwelekeo mapema, kabla ya kona, anapita kwa mshazari mdogo na kupata hatua juu ya anayemfukuza. Ukibonyeza unapofika kona, umeshapoteza faida yote, na ukichelewa kidogo unapita kabisa. Kwa hiyo ondoka kwenye mazoea ya kuigeuza kona ukiwa kwenye kona. Amua kona ijayo ukiwa bado katikati ya barabara, ubonyeze na ushikilie. Siku mbili za mazoezi zitatosha kukuonyesha kwamba hana kiburi, alikuwa anasubiri umwambie mapema.

Na ukishaweza kona, anza kuwatazama wanaokufukuza, maana hapo ndipo Toru Iwatani, aliyemuunda Pac-Man, alipouficha ustadi wake mwaka 1980. Kizuka chekundu kinalenga mahali ulipo. Cha waridi kinalenga vigae vinne (vile vimraba vinavyounda kichochoro) mbele yako, ndiyo maana unahisi kinakuvizia. Cha buluu kinapiga hesabu ya mahali ulipo pamoja na mahali chekundu kilipo, hivyo chekundu kikiwa karibu nawe cha buluu nacho ni hatari, na chekundu kikiwa mbali nawe cha buluu ni mpotevu. Cha chungwa kinakufukuza kikiwa mbali nawe, kikikaribia ndani ya vigae nane kinaghairi na kuelekea pembe yake ya chini kushoto. Kila baada ya muda vyote vinaachana nawe kwa sekunde chache na kuelekea kila kimoja pembe yake. Katika hatua ya kwanza vinaanza kwa sekunde 7 za kutawanyika, kisha 20 za kukufukuza. Hakuna bahati nasibu katika ufukuzaji huo. Ukipita njia ileile kwa wakati uleule, navyo vitafanya yaleyale, na ndiyo maana watu walichora njia nzima kwenye karatasi wakazikariri mpaka hatua ya 256, ambapo kihesabio cha hatua kinafurika na nusu ya kulia ya skrini inageuka takataka. Haya yote yako kwenye konsoli yako sasa hivi. Yanamngoja mtu asiyeruhusiwa kuongeza sarafu.

Kuna michezo ambayo padi haitaiweza, na ni bora ulijue hilo mapema usije ukajilaumu. Tempest ilichezwa kwa kifundo cha kuzungusha bila mwisho. Centipede na Missile Command zilichezwa kwa mpira mzito uliotokeza juu ya meza, ukausukuma kwa kiganja. Kijiti cha padi ni mbadala wa kusikitisha kwa yote mawili. Robotron: 2084 ya 1982, kinyume chake, ilikuwa na mipini miwili, mmoja wa kutembea na mmoja wa kupigia risasi, na padi ya leo yenye vijiti viwili inaibeba kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Kama unaikuta kwenye mkusanyiko wowote, hapo usisite.

Ms. Pac-Man sasa. Hayumo, na hukuangalia vibaya. Mchezo ule haukuzaliwa Japani kwa wenye Pac-Man. Ulianzia Marekani, kwa vijana waliokuwa chuo cha MIT waliounda kampuni ya General Computer Corporation. Walitengeneza ubao wa kumbadilisha Pac-Man, wakauita Crazy Otto, wakauza wazo kwa Midway, kampuni iliyouza Pac-Man Marekani, na 1982 ukatoka kama Ms. Pac-Man. Kwa sababu ya chanzo hicho, mrabaha wake una watu wengine wenye madai, na haki zake zimekuwa mzozo. Matokeo yake mikusanyiko mipya ya Pac-Man inampita kimyakimya. Hata Pac-Land ya 1984 ilipotolewa upya mwaka 2022, mke wa Pac-Man, ambaye ndiye Ms. Pac-Man, alikuwa amebadilishwa sura na jina, akawa Pac-Mom. Usinunue mkusanyiko mwingine kwa kutumaini kwamba yumo. Soma orodha ya michezo jina kwa jina kabla ya kulipa, kwa mkusanyiko wowote, kwani kinachopangwa na wanasheria hakifuati umaarufu.

Kuna kitu kimoja ninachoweza kukupa badala yake. Tafuta Pac-Man Championship Edition ya 2007, ambayo Iwatani mwenyewe aliisimamia. Ilitengenezwa kwa konsoli za nyumbani, wala haikuwahi kuhitaji tundu la sarafu, na ni wazi mzee alijua nini kingekosekana: skrini imelazwa kwa upana wa runinga, kichochoro kinabadilika nusu kwa nusu kadiri unavyokula, na mchezo mkuu unakupa dakika tano tu, hata kama hujafa.